Seli Zilizokataa Kupiga Yowe

Ukitaka kumuudhi Shangazi, mwambie kazi yake ni kuosha chupa. Wako waliowahi kumwambia hivyo, na wote walijuta. Kwa miaka ishirini na miwili mwanamke huyu amekuwa akizilisha seli, akizikuza, akizigandisha na kuziyeyusha katika maabara ya magonjwa ya mifugo, na pale hakuna mwingine anayeweza kuingia asubuhi, akainyanyua chupa kwenye mwanga, akasema, "Hizi zina njaa," na ikawa kweli zina njaa. Chupa anaosha, ndiyo, tena kwa mikono yake mwenyewe, kwa sababu wengine wakiosha wanaacha sabuni, na seli zikionja sabuni zinakufa.

Jina la Shangazi alipewa na wanafunzi. Hakuwa shangazi wa hata mmoja wao, ila alikuwa na ule ukali wa shangazi, wa kukufokea huku anakufunga vifungo vya koti. Wanafunzi walikuja wakaondoka, jina likabaki. Mlinzi wa getini alimwita hivyo, mhasibu alimwita hivyo, na hata Daktari, mkuu wa maabara, alimwita hivyo hivyo. Huyu Daktari alifika pale miaka kumi na minne iliyopita akiwa mwanafunzi asiyejua hata kushika pipeti, kile kijibomba cha kunyonyea na kudondoshea dawa. Shangazi ndiye aliyemfundisha, na siku ya kwanza alimchapa kiganja.

Sasa, huyo Daktari ndiye aliyemwahidi. Walikuwa wanasoma matokeo, mambo yamenyooka, naye kwa furaha akasema, "Shangazi, makala hii ikitoka, jina lako litakuwemo."

Jamani! Makala kumi na tisa zimetoka katika ile maabara, zikachapishwa kwenye majarida yanayosomwa na wataalamu wa kila pembe, na seli zote zilizotajwa humo zilikuzwa na mikono yake. Jina lake halikuwahi kuonekana hata kwenye moja. Shangazi alijifanya hakusikia vizuri, akaenda stoo, akafunga mlango, akacheka peke yake mpaka machozi.

Nyumbani mumewe, fundi wa malori aliyestaafu na ambaye hajui kutunza siri, aliitangaza habari hiyo kwa jirani wa kulia na wa kushoto kabla chai haijapoa. Akapigilia na msumari ukutani sebuleni, eti hapo ndipo makala itakapotundikwa.

"Ila nieleze vizuri," alisema wakati wa chakula. "Mtu akiniuliza mke wangu kaandika nini, nijibu nini? Nimwambie kaandika virusi?"

"Mwili una ulinzi wa aina mbili," Shangazi alianza. "Kuna ulinzi unaojifunza, ule wa chanjo. Na kuna ulinzi unaozaliwa nao, huo hausubiri kufundishwa na mtu. Kirusi kikiingia ndani ya seli moja, ile seli inatambua kuna mgeni asiye na nia njema. Inapiga yowe."

"Kwa mdomo upi?"

"Acha utani, mzee. Inatoa kemikali, interferoni inaitwa. Ile kemikali inafika kwa seli jirani, zinafunga milango, zinashika marungu. Seli ya kwanza inaweza kufa, lakini mtaa mzima umeshaamka."

"Sasa kama mtaa umeamka, sisi mafua tunaugua vipi?"

"Hapo ndipo ilipo kazi yangu. Virusi vina hila. Vingine vinajifunika, seli isivitambue. Vingine vinamkamata mjumbe njiani. Hiki chetu cha mbuzi tunaona ni cha aina hiyo. Seli imeshakiona, imeshatuma habari ndani kwenye kiini chake ili yowe lipigwe, halafu kirusi kinamkaba mjumbe koo. Habari haifiki. Jirani hawajui lolote, na mbuzi ndani ya wiki amekwisha."

Mumewe aliacha kutafuna. "Lo! Kirusi kina akili kuliko shemeji yako."

"Hata kiatu kina akili kuliko shemeji yangu," alisema Shangazi, wakacheka.

Na kwa miezi minane kazi ilikuwa hiyo. Anakuza seli za figo ya mbuzi kwenye chupa, anaziwekea kirusi, anasubiri siku moja, anachota maji yake na kuyapima kwenye kisahani chenye vishimo vidogo. Kama yowe limepigwa, kishimo kinageuka manjano. Kama hakuna yowe, kinabaki cheupe. Kila mara vilibaki vyeupe. Daktari alikuwa akivitazama vile vishimo anasugua viganja. "Kimya kabisa, Shangazi! Hiki kirusi ni hatari!" Makala ikaandikwa, picha zikapangwa, ikapangiwa kutumwa Ijumaa.

Jumatatu Shangazi akaomba aone majedwali. Angeweza kukaa kimya, lakini makala yenye jina lake haiwezi kwenda na pengo, aibu itamkuta yeye. Na pengo lilikuwepo. Jedwali la pili lilikosa mstari mmoja, mstari wa uchokozi. Kuna dawa maalumu inayofanana na vitu vya ndani ya kirusi, ila haina kirusi. Ukiiweka, seli nzima na timamu inadhani imevamiwa, inapiga yowe. Inathibitisha kwamba seli zako zina sauti. Mwanzoni kabisa, kabla ya miezi minane, waliwahi kuzichokoza na zikapiga kelele vizuri. Baadaye wakaacha, kwa sababu dawa yenyewe huagizwa na huchelewa, na kwa nini uulize tena jambo unalolijua?

"Nitafanya mara moja tu, tujaze mstari," alimwambia Daktari.

"Fanya, Shangazi. Hiyo ni kazi ya siku moja."

Jumanne asubuhi alitoa kisahani kwenye mashine. Vishimo vya uchokozi vilikuwa vyeupe.

Alikitazama kile kisahani kama mtu aliyetukanwa na mtoto. Hakuna kirusi mle, hakuna wa kumkaba mjumbe, na bado kimya? Akasonya. Dawa imeharibika, alijiambia. Si ndiyo ile iliyokaa bandarini wiki tatu? Akaenda idara ya jirani, akabembeleza, akapewa dawa nyingine mpya kabisa na maneno ya kejeli juu yake. Akarudia.

Jumatano asubuhi, vyeupe.

Basi ni kipimo. Lakini kipimo kilikuja na interferoni yake ya kulinganishia, na kile kishimo cha pembeni kilikuwa manjano kama kiini cha yai. Basi ni joto la kabati la kukuzia seli. Akaweka kipimajoto, akakaa mbele ya kabati saa mbili nzima amekunja mikono, joto halikuyumba hata kidogo. Basi ni maji ya kulishia. Akayamwaga yote, akatengeneza mengine, na katika haraka hiyo akavunja silinda ya kioo, akajikata kidole, akaitukana ile silinda, akamtukana aliyeitengeneza. Akarudia mara ya tatu, damu inavuja ndani ya glavu.

Nyumbani jioni hiyo hakuongea. Mumewe alimuuliza mara mbili virusi vimefanya nini leo, mara ya tatu akajibiwa, "Vimekula ulimi wangu, niache." Dada yake alipiga simu kuuliza makala inatoka lini. Shangazi alisema mtandao mbovu, akakata. Alikuwa amekasirika kwa namna ambayo mtu hukasirika akiwa tayari anajua, ila hajakubali.

Alhamisi asubuhi, vyeupe.

Ilibaki sehemu moja tu ambayo hajaishuku, nayo ni yeye mwenyewe. Aliingia chumba cha tangi la naitrojeni, mahali seli zinapolala kwenye baridi kali kupita barafu, kila kundi kwenye vichupa vidogo vya ukubwa wa kidole. Vichupa vile alivipanga kwa utaratibu wake. Wengine huandika lebo ndefu, yeye alitumia rangi za vifuniko. Bluu, seli za figo ya mbuzi. Kijani, seli za figo ya tumbili. Mara tatu Daktari alimwomba waanze kutumia lebo za mashine, na mara tatu Shangazi alimjibu kwamba macho yake hayajawahi kuishiwa wino.

Sasa seli za tumbili, uelewe, ni bubu. Zilipoteza uwezo wa kutoa ile kemikali, na maabara huzipenda kwa sababu hiyo hiyo: ukitaka kukuza virusi vingi, unaviweka mahali ambapo hakuna wa kuvipigia kelele. Kwa sura hazitofautiani sana na zile za mbuzi walizokuwa nazo. Zote za figo, zote hujipanga kwenye chupa kama vigae sakafuni.

Alitoa kisanduku cha vifuniko vya bluu. Chini yake, kwenye sakafu ya kisanduku, palikuwa na vipande vinne vya utepe wa karatasi, vimejikunja. Alivikunjua kwa kibanio. Kwenye kila kimoja, kwa mwandiko wake wa mviringo, palikuwa pameandikwa: *tumbili*.

Alitoka akalichukua daftari la tangi, akarudi nyuma ukurasa baada ya ukurasa mpaka miezi tisa iliyopita, na akajikuta pale, amejiandikia mwenyewe: *Vifuniko vya kijani vimekwisha. Nimetumia bluu. Tazama utepe.*

Utepe wa karatasi! Kwenye baridi ile! Mtu wa mwaka wa kwanza anajua gundi ya karatasi haistahimili baridi ya tangi. Alikuwa na haraka siku hiyo, akakusudia kuvibadilisha vifuniko vikija, vifuniko vikaja, akasahau. Mwezi mmoja baadaye akafungua kisanduku, akaona bluu, akayeyusha mbuzi wake. Tumbili wake. Miezi minane ya kukisingizia kirusi kwamba kimeziba midomo ya seli zisizo na midomo. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema waliotangulia, na Shangazi alikaa juu ya kigoda cha chuma, koti limelowa jasho katika chumba cha baridi, akasema kwa sauti, "Mpumbavu wewe. Mpumbavu mzee."

Hapo ndipo penye mtihani wake. Hakuna aliyejua. Mstari wa uchokozi ungeweza kuachwa, Daktari asingeuliza, kesho makala inakwenda, na jina linakwenda nayo. Vipande vinne vya utepe vinaingia kwenye pipa bila kelele. Alivishika kiganjani muda mrefu. Aliufikiria ule mwaka aliomaliza chuo wa pili darasani na ada ya kuendelea ikakosekana. Alizifikiria makala kumi na tisa. Halafu akamfikiria mtu wa mbali asiyemjua, mwenye maabara ndogo kama yao, atakayeisoma, aiamini, atumie mwaka mzima wa maisha yake kutengeneza chanjo kwa kufuata kimya cha seli bubu. Akainuka. Kabla miguu haijabadili mawazo, alifungua daftari la majaribio, lile lenye kurasa zilizopigwa namba, akaandika kila kitu kwa wino, akabandika vile vipande vinne pembeni. Kisha akaenda kwa Daktari.

"Mbona sura hiyo, Shangazi? Umefiwa?"

"Afadhali ningefiwa na kuku wote. Seli si za mbuzi. Ni za tumbili."

Alimweleza. Daktari mwanzoni alitabasamu, kama anasubiri kichekesho kiishe. Kisha akauliza kama amerudia, akajibiwa mara tatu. Akauliza dawa, joto, kipimo, na kila alichouliza Shangazi alikuwa ameshakipitia na kutoka upande wa pili. Mwishowe Daktari akainuka, akafunga mlango.

"Nani mwingine anajua?"

"Mimi na wewe. Na daftari."

"Daftari?" Alipiga meza kwa kiganja, kalamu zikaruka. "Umeshaandika? Haki ya Mungu, Shangazi, umeshindwa hata kusubiri tuongee? Hata mpaka Jumatatu?"

"Jumatatu kuna nini? Tumbili watakuwa wamegeuka mbuzi?"

"Unajua nimewaahidi watu wangapi? Unajua mkataba wa fedha za maabara unategemea makala hii? Mara tatu nilikwambia habari ya lebo. Mara tatu!"

"Uliniambia."

"Na wewe na macho yako!"

"Na mimi na macho yangu," alisema Shangazi. Sauti yake ilikuwa inatetemeka, na hilo lilimuudhi kuliko yote. "Nitukane, nastahili. Ukimaliza, sikiliza. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Ukiituma hiyo makala, basi jina langu litoe. Nimelisubiri miaka ishirini na miwili, unajua nilivyolisubiri, lakini litoe. Silitaki juu ya uongo."

Alitegemea Daktari afoke tena. Daktari hakufoka. Alitazama kioo cha kompyuta, kisha akatazama dirisha, kisha akaanza kukitafuta kitu kwenye droo ambamo hamkuwa na kitu.

Shangazi alizunguka meza. Makala ilikuwa imefunguliwa pale, ukurasa wa kwanza, tayari kwa kesho. Chini ya kichwa cha habari palikuwa na majina sita. La Daktari la kwanza. La mwanafunzi aliyeacha kazi katikati. Maprofesa wanne wa mbali ambao mmoja wao Shangazi alimwona mara moja tu, akipiga picha na mbuzi. Aliyasoma kutoka juu kwenda chini, akayasoma tena kutoka chini kwenda juu. Akanyoosha mkono, akakizungusha kipanya cha kompyuta mpaka mwisho wa makala. Palikuwa na mstari mmoja: *Tunawashukuru wafanyakazi wa maabara kwa msaada wao.*

"Nilikuwa... nilikuwa naliongeza mwishoni," Daktari alisema. "Kuna taratibu zake, Shangazi, kila jina linahitaji wote wakubali, na mmoja wa maprofesa aliuliza kama... Nilikuwa nitalisemea."

"Inatumwa kesho."

"Ndiyo."

"Ungelisemea lini?"

Daktari aliifunga ile droo.

Iliuma, tuseme kweli. Iliuma kuliko miezi minane, kuliko kidole, kuliko kujiita mpumbavu kwenye kigoda cha chuma. Alikuwa ametoka kule kwenye tangi amejikaza kama mtu anayekwenda kutoa figo yake, kumbe alichokuwa anakitoa hakikuwa chake tangu mwanzo. Alitamani kuinyanyua ile kompyuta na kuitupa uani. Alitamani kulia, na akakataa kulia mbele ya mtu ambaye yeye mwenyewe ndiye aliyemfundisha kushika pipeti.

"Andika barua," alisema.

"Barua gani?"

"Ya hao maprofesa wako na jarida. Waambie makala haiji. Waambie tulipima seli zisizo sahihi na kwa nini, na kwamba tunaanza upya na seli za mbuzi."

Daktari alijishika paji la uso. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu aliyebanwa, na daftari lilikuwa limeshamfungia njia nyingine zote. Akavuta kibodi. Akaandika polepole, anafuta, anaandika tena, na Shangazi akasoma nyuma ya bega lake. *Katika maandalizi ya seli, mfanyakazi wa maabara alikosea...*

"Hapana," alisema Shangazi.

"Si ndivyo ilivyokuwa?"

"Ndivyo. Ila usiandike mfanyakazi wa maabara. Mfanyakazi wa maabara ni nani? Kosa ni langu, na aliyeligundua ni mimi, na atakayeyeyusha seli mpya leo hii ni mimi. Andika jina langu. Na chini kabisa, pale unaposaini, niandike na mimi."

"Kwenye barua ya namna hii, Shangazi? Nilikuwa nataka kukulinda."

"Umenilinda miaka kumi na minne. Inatosha. Andika."

Daktari alifuta yale maneno matatu. Akaweka vidole kwenye kibodi, na vidole vikabaki hapo hapo. Masikio yake yakaanza kuwa mekundu. Kwenye chumba cha pili kabati la joto lilikuwa likinguruma.

"Shangazi," alisema bila kugeuka, "samahani. Jina lako kamili unaitwa nani?"

Akamtajia. Majina yake yote matatu, moja baada ya jingine, polepole, akasimama nyuma ya kiti mpaka alipoyaona yote yamekaa kwenye kioo, chini ya neno *tumekosea*.